Emőke Anaomba Mwaliko

Ildi weee, umekaa? Emőke kanisimamisha sokoni sasa hivi, mbele ya wauza pilipili!

Eti, "Shoga yangu, niingize kwenye grupu la darasa letu, nami nije mtakapokutana."

SHOGA YANGU! Mimi!

Unakumbuka ule mtandao wetu wa kijamii wa zamani, huingii mpaka mwanachama akualike? Nilimbembeleza Emőke wiki nzima anialike. Akanijibu darasa zima likisikia: "Siwezi kualika kila mtu, utanishushia hadhi."

Leo mtandao wenyewe marehemu, na wale marafiki zake mamia wamezikwa nao. Admini wa grupu ni nani? Mimi.

Nikamwambia taratibu: "Siwezi kualika kila mtu."

Akacheka, akadhani natania. Nikachukua pilipili zangu, huyoo nikaondoka.

Sasa hivi anapiga simu. Naiacha iite. Mlio mtamu huo!