Kitambaa cha Mananasi

Mbare, Harare
9 Mei 1993

Kwa mke wangu wa kwanza, mwenye meno machache na maneno mengi,

Shikamoo, Bibi. Mimi ni mzima kama nawe u mzima. Kama unakohoa, basi nami nakohoa hapa nilipo. Mguu unaendeleaje? Na yule jogoo mwendawazimu, bado hajaingia chunguni?

Mjukuu wako mji umemkubali. Hapa tunapogonga mabati, nikianza ndoo moja wenzangu wanasimamisha nyundo ili waibe ujuzi. Ndoo zangu hazivuji, labda uzitoboe kwa makusudi. Bosi ananiita Fundi. Wengine nao anawaita Fundi, lakini mimi ananiita kwa sauti nyingine.

Sasa kaa chini, usije ukaanguka. Nimekupatia mke mwenza. Anaitwa Nyaradzo, anafanya kazi kiwanda cha mikate, na akikaa karibu yako unaweza kushiba kwa harufu tu. Najua utauliza nini kabla hata hujauliza jina la baba yake. Utauliza, anafuma? Uliapa mwenyewe kwamba msichana asiyejua kroshia hatakanyaga mkeka wako.

Basi fungua hicho kifurushi. Ni kitambaa cha redio yako. Mananasi manane ya kufumwa yamezunguka, na pembeni kuna vijitawi. Nanasi la tatu lilinisumbua, nikalifumua mara mbili. Yaani lilimsumbua yeye, akalifumua. Mimi nilikuwa nimekaa pale nakula.

Jibu upesi, mwenye wivu wee.

Mumeo mdogo,
Mukundi


Gutu
30 Mei 1993

Mume wangu Shumba, simba wa ukoo wetu,

Marahaba. Mimi ni mzima, mguu unalalamika kama mkwe mvivu, na jogoo anakusalimu. Nimempenda mke mwenzangu kabla sijamwona.

Redio yangu haijawahi kuvaa hivi. Ilivaa siku tatu, ya nne nikaivua. Alhamisi nilikibeba kitambaa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, nikakifungua polepole kama mtu anayefungua barua ya mahakama. Mai Gumbo, ambaye mkwe wake anafuma vitambaa vinavyoweza kuvulia samaki, alikigeuza huku na huku akitafuta kosa. Akakirudisha bila neno. Mukundi, mwanamke yule kunyamaza! Niliimba nyimbo za siku ile kwa sauti ya msichana.

Uzi umekazwa sawasawa. Wasichana wa leo wanafuma kama wanaofunga mbuzi, lakini huyu ana subira mikononi. Nimemsifu mpaka koo likakauka. Sasa sikia. Tunatakiwa kutengeneza kitambaa cha altare kabla ya Krismasi, na akina mama wamekubaliana kwamba mke mwenzangu ndiye atakayetufundisha nanasi hilo. Mje sikukuu ya Agosti. Nimempa dereva wa basi mabonge ya uzi mweupe na njugu mawe. Njugu ni zako, uzi ni wake, usichanganye.

Mkeo mzee,
Bibi


Mbare
27 Juni 1993

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa baridi ya mwaka huu inauma mpaka kwenye meno. Njugu zimefika, nimezila njia nzima kutoka kituoni.

Kuhusu Agosti. Nyaradzo ni mtu wa haya sana. Ukimwambia aseme mbele ya watu anasahau hata jina lake. Tena kule kiwandani likizo ni taabu. Tena amejiunguza kidole kwenye trei ya mikate, kidole chenyewe kile cha kushikia uzi. Nimewaza, je, hawezi kufundisha kwa barua? Mimi naweza kumwandikia, kwa sababu huwa namwona anavyofanya: mnyororo wa vitanzi kumi, unafunga duara, unaingiza nguzo ishirini na nne, halafu nanasi linaanza lenyewe. Nimekariri tu kwa kutazama. Unajua kichwa changu.

Ametuma kola ya sare yako ya Alhamisi. Aliifuma kabla hajaungua.

Mumeo anayekujali,
Mukundi


Gutu
11 Julai 1993

Shumba,

Sote wazima. Kola imenikaa shingoni kama nimezaliwa nayo. Kidole kitapona kabla ya Agosti. Mje.

Bibi


Gutu
22 Agosti 1993

Mukundi,

Mimi ni mzima wa mwili. Wewe sijui.

Sikukuita mume wangu kwa sababu mume wangu hakimbii. Uliwaona akina mama wamekaa, sare zimepigwa pasi, chai iko motoni. Ulimwona Mai Gumbo akimpa yule msichana sindano ya kroshia na kusema, "Haya, binti wa Harare, tufungue macho." Na wewe ukasema unakwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi gani? Mbuzi walikuwa wamefungwa hapo hapo mbele ya mlango, wanakutazama.

Ngoja nikuambie ulichokikimbia. Alishika sindano kama anayeshika kijiko cha dawa chungu. Uzi ukamzunguka vidole mpaka Mai Gumbo akauliza, "Huyu anafuma au amenaswa?" Wakacheka. Nikamuuliza, "Mwanangu, hiki cha redio kafuma nani?" Akatazama mlangoni. Alitazama muda mrefu, nikadhani anatafuta pa kutokea. Kisha akasema, "Nilidanganya, Bibi. Nisameheni."

Nami nikamwambia mbele ya wote kwamba ukoo huu hauoi vidole vya kununua sokoni. Akaitikia, "Ndiyo, Bibi." Akaosha vikombe vyote, hata cha Mai Gumbo, ndipo wewe ukaingia na majani kwenye suruali ukauliza kama chai imebaki.

Kitambaa nimekitoa kwenye redio. Alhamisi hii sikwenda. Nimesema mguu unauma. Mguu hauumi.

Achana na msichana huyo.

Bibi yako


Mbare
19 Septemba 1993

Bibi,

Shikamoo. Sijui kama unaniitikia. Mimi mzima, nakula, nalala kidogo.

Hii si barua ya kwanza. Ya kwanza niliandika kwamba hata mimi nimedanganywa na msichana huyo. Ilikuwa barua nzuri, yenye maneno makubwa, nikailamba bahasha. Ladha ya ile gundi bado iko mdomoni. Nikaichana.

Nyaradzo hakununua kitu sokoni. Hakufuma pia. Nilifuma mimi. Nanasi la tatu nililifumua mimi, na kola ni yangu, na kidole hakikuungua.

Kutwa nagonga mabati mpaka masikio yanavuma, hata ugali wangu wa sadza naula unavuma. Jioni nikishika sindano, zile kelele zinakwisha. Sijui nikueleze vipi, wewe unajua. Nyaradzo hukaa karibu na taa, kibonge cha uzi kiko mapajani mwake, ananisomea habari za mpira kwenye gazeti. Kibonge kikianguka anakirudisha kwa kidole cha mguu bila kuacha kusoma. Husema vidole vyangu vina adabu kuliko mdomo wangu. Hizo ndizo saa nzuri nilizonazo hapa mjini, nami ndizo ninazozificha.

Jirani yangu Chakanetsa akibisha hodi, kazi yote namrushia Nyaradzo mapajani. Amezoea, anadaka tu. Chakanetsa akiingia anasema, "Fundi, mkeo ana mikono." Nami najibu, "Nilichagua kwa macho yangu." Ndivyo uongo ulivyoanza. Ulianzia mlangoni, ukaja kwenye barua, na kule kwako ukanikuta nimesimama kati ya mbuzi wako wawili nikiwasikia mama wale wakicheka. Nilisikia kila kitu, Bibi. Ukuta wako ni mwembamba. Nilisikia alipokaa kimya, nikajua anaangalia mlango. Miguu ilikataa.

Kwenye basi alikaa dirishani toka Gutu mpaka Mbare. Aliniuliza neno moja tu. "Walikuwa wazima, hao mbuzi?" Tangu hapo hajaja, na nikienda kwao kaka yake anatoka kwanza.

Unakumbuka nilipoanguka kutoka kwenye mti wa mhacha nikavunjika mkono wa kulia? Ulinipa sindano mkono wa kushoto ili nisilie. Nilikaa kibarazani nafuma, tukacheka sana. Lakini mgeni akitokea njiani, ulikuwa unaninyang'anya kazi unaiweka mapajani mwako, unasema, "Nyoosha mgongo, mwanaume." Sikulaumu. Nilikuwa nawaza tu kurusha nilijifunzia wapi.

Mimi ni fundi wa kujisifu, wewe unajua. Leo sina la kujisifia.

Mjukuu wako,
Mukundi


Gutu
24 Oktoba 1993

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilikuwa chini ya mto wangu, na kila nikiitoa naona uso unaniwaka, nairudisha.

Nilikitoa kitambaa sandukuni nikakipeleka mwangani. Mizunguko yake inakwenda upande usio wa watu wengine. Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo, kwa mkono huo huo wa kushoto. Kilikaa juu ya redio yangu nikikitazama kila habari za jioni, na sikuona. Nilikuwa sitazami kitambaa. Nilikuwa natazama uso wa Mai Gumbo.

Kunyang'anya ni kweli. Niliogopa babu zako wadogo watasema nalea msichana. Sindano nilikufundisha, na kuficha nilikufundisha, na umeshika yote mawili sawasawa kama mwanafunzi mzuri.

Lakini yule mtoto hakufundishwa na mtu. Angesema neno moja tu, "Ni Mukundi," awe huru. Akakufunika, nami nikamtukana ndani ya nyumba yangu, akanioshea vikombe. Nikilala nasikia vile vikombe.

Basi fanya hivi. Kwa dereva kuna kuku jike, mweusi, ndiye bora niliyenaye. Si wa chungu chako. Ni wa Nyaradzo, namwomba radhi kwa huyo. Umbebe mkononi mchana, upite naye sokoni, kaka yake akitoka mwambie umetumwa na bibi aliyekosa adabu.

La pili. Nimewaambia akina mama kwamba mwenye mkono wa mananasi anakuja Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Sijawaambia ni nani. Kile kigoda alichokalia Nyaradzo nimekiacha palepale, nimekataza mtu kukikalia, hata Mai Gumbo aliyekuja na mgongo mbovu. Usipotaka kuja, usije. Ila usiniandikie kwamba kidole kimeungua.

Bibi yako


Mbare
14 Novemba 1993

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa mkono mmoja. Kuku wako ana mdomo kama wako.

Nilipita naye sokoni saa sita mchana. Kila mwenye genge aliniuliza bei. Kwa kina Nyaradzo kaka mtu alitoka kwanza, nikamwambia maneno uliyonituma, akamwita dada yake huku anacheka. Nyaradzo akampokea kuku kwa mikono miwili, akaitikia salamu zako kwa heshima zote, akanifungia mlango mimi. Nikiwa nimesimama pale nje, mlango ukafunguka tena. Nikashika kifua. Akauliza, "Anakula nini?" Nikamwambia mahindi. Ukafungwa.

Juzi jioni nilikuwa peke yangu nafuma, nikasikia hodi. Mkono ukainuka wenyewe kurusha, nikakuta hakuna mapaja. Niliangalia sindano, nikaangalia mlango. Nikafikiri labda ni yeye. Nikafungua na kazi yangu mkononi, uzi unaburuzika nyuma.

Alikuwa Chakanetsa.

Alicheka mpaka akakalia ndoo zangu mbili zikabonyea. Asubuhi safu nzima ya wagonga mabati walikuwa wanajua. Sasa naitwa Shangazi. Nikishika nyundo wananiuliza kama ninataka waniletee na shali. Bosi peke yake ndiye bado ananiita Fundi, na nasikia ile sauti nyingine haipo. Sitakuambia haiumi, Bibi. Inaniuma tangu nikiamka. Lakini leo walipocheka sikutoka nje. Nilimaliza ndoo.

Nyaradzo alikuja kabla sijafunga barua hii. Sijui nani alimpa habari, nadhani huyo huyo Chakanetsa, mdomo wake hauna kufuli. Alikaa mahali pake karibu na taa, akasema kuku ametaga. Nikamsomea barua yako yote, hata pale pa vikombe. Alilia kidogo, akaniambia nisikuandikie kwamba amelia. Kisha akachukua gazeti akaanza kusoma mechi ya Jumamosi, kana kwamba tuliachia hapo. Hajasema amenisamehe. Nami sijamuuliza, naogopa jibu.

Alhamisi ya mwisho nakuja na basi la asubuhi. Sindano itakuwa mkononi, nitakuwa nafuma njia nzima wanione, kwa sababu nikiiweka mfukoni najijua. Waambie akina mama watakaotaka kujifunza kwangu wakae mbele yangu wanitazame kama kioo, maana mkono wangu ni huu wa kushoto tu.

Nyaradzo anakuja pia. Anasema atakaa nami mpaka Mai Gumbo aanze. Hapo yeye atatoka nje kidogo, kuangalia mbuzi.

Mjukuu wako,
Mukundi