Besi Yangu Kwenye Mdomo wa Elibariki

Ngarenaro, Arusha

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeshavuna viazi na kifua kimetulia. Na mama je, mguu bado unamsumbua, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi ni mzima. Baridi ya huku mwezi huu wenyeji wanailalamikia, na Mlima Meru haujaonekana wiki nzima, lakini kwa mtoto wa Njombe hiyo ni baridi ya kujifunzia. Ninashona sare za shule mpaka vidole vinauma, na namshukuru Mungu kazi ipo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatisha kwa kicheko kabla sijafika mwisho. Najua mdogo wangu Daudi atakuonyesha video ya kwaya yetu, pengine ameshakuonyesha. Kuna pale katikati wimbo unaposhuka, kijana mwenye ndevu anasogea mbele, anafumba macho, besi inatoka. Baba, ile besi ni mimi.

Kwaya yetu ya Moshono ina wanawake wengi na wanaume wa kuhesabu. Mwalimu wa kwaya aliposikia ulivyonifundisha kwenye kwaya yako huko nyumbani, alinipa sauti ya nne, yaani besi, bila maneno mengi, na studio nilirekodi vizuri tu. Mambo yaligeuka siku ya kupiga picha. Wimbo unapigwa kwenye spika, sisi tunafuatisha kwa midomo. Ilipofika zamu yangu mpiga picha akasimamisha kila kitu.

"Dada, ukifungua mdomo hapo watu watasema video imekosewa. Nipeni mwanaume."

Akateuliwa Elibariki, ambaye huimba sauti ya tatu. Mimi nikapelekwa kwa akina mama wa sauti ya kwanza, nitabasamu na kuyumba. Nilitabasamu. Iliniuma, nisikufiche.

Lakini unanijua, kitu kikinitatiza sikiachi. Kila mteja aliyekuja kupima sare nilimsikilizisha wimbo nikiwa nimeficha kioo cha simu, nikamuuliza ni nani anaimba. Wote wakasema mwanaume. Kisha nikawaonyesha kipande cha mazoezi alichonirekodi mwenzangu wa kwaya kwa simu, mimi mwenyewe naimba na kilemba changu kichwani. Mama mmoja akanihurumia. "Hapo umebandika sauti ya mtu, mwanangu." Nikamwonyesha ya Elibariki. "Huyu sasa ndiye," akasema, tena kwa uhakika. Ya uongo ikapita, ya kweli ikakataliwa. Tangu hapo natazama video zote kwa jicho hilo, za injili na za dunia: nani kashika kipaza sauti, nani anayumba pembeni. Jaribu nawe, ukishaanza huwezi kuacha.

Basi video ikasambaa, na Elibariki akaalikwa kuimba kipande kile kile kwenye harusi ya binamu yake, mtaa wa Kwa Mrombo. Alikuja ninaposhonea amenywea kabisa.

"Dada Upendo, nimekwama. Nikiimba pale naumbuka mbele ya ukoo mzima."

Mwalimu alishauri nijifiche nyuma ya mapambo niimbe, Elibariki afuatishe kwa mdomo. Nililiwaza siku mbili. Mwisho nikamwambia Elibariki nitaimba, ila nitaimba mbele za watu, naye ashike sauti yake ya tatu. Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Nilipoanza, wapo waliocheka. Mwenye kamera alimgeukia Elibariki, akarudi kwangu, akamgeukia tena. Niliimba mpaka mwisho. Ndipo bibi yake Elibariki, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, akanyanyuka akaja. Nikainamisha kichwa aniguse, kama vijana wa huku wanavyowaamkia wazee wao. Alinigusa utosi, halafu akashusha kiganja mpaka kooni.

"Kwetu hii ni sauti ya morani," akasema. "Imba."

Nikaimba tena, kiganja kikiwa pale pale. Alisubiri mpaka niliposhuka chini kabisa.

"Ni yake," akawaambia watu. Kisha akaniuliza, "Nani amekupa?"

Nikamjibu, baba yangu.

Nimemwambia mwalimu kwamba video ijayo sauti na sura yangu viende pamoja, la sivyo atafute besi mwingine. Anasema atafikiria. Na mimi nasubiri.

Nisalimie mama sana, na umwambie asichote maji mwenyewe. Msalimie shangazi aliyenifunza cherehani, mwambie sindano haijanishinda. Daudi asome, simu aipumzishe kidogo.

Nimebakiza swali, na siulizi kwa ubaya. Miaka yote pale kanisani ulinipanga mstari wa nyuma, kati ya wanaume warefu, ukasema sauti za chini hukaa nyuma. Nilikuamini. Lakini siku ile askofu alipokuja, besi wote uliwaleta mbele isipokuwa mimi. Ulikuwa unapanga sauti, baba, au ulikuwa unanificha? Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, usimpe Daudi akuandikie.

Ni mimi binti yako, nisiye na kinyongo ila nina hamu ya kujua,

Upendo