Herufi za Mjomba Taratibu

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 36
Kazi: Mpimaji wa macho, zahanati ya mjini
Makazi: Nyumba za ghorofa nyuma ya stendi ya zamani
Yameandikwa: Kituo cha polisi, chumba namba 3, tarehe 21 Machi, saa 4:10 asubuhi

Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Nimekuja kwa hiari yangu kurekebisha maelezo niliyotoa tarehe 17, niliposema kwamba kasoro ya macho ya dereva "ilinipita". Haikunipita.

Dereva huyo ni mjomba wangu, mdogo wake mama. Baba alifariki nikiwa na miaka sita, na mjomba ndiye aliyenilea. Anaendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Abiria wake wamempachika jina la Taratibu, maana tangu mwaka jana hata wenye baiskeli wanampita. Nyumbani tulikuwa tunacheka.

Mnamo tarehe 9 Januari, saa 3 asubuhi hivi, alikuja zahanati kupimwa ili leseni yake ihuishwe. Haturuhusiwi kumpima ndugu. Mwenzangu alikuwepo chumba cha pili, lakini nilimpima mwenyewe.

Kibao chetu cha herufi kina pande mbili, kila upande na herufi zake. Siku iliyotangulia mjomba alikuja akakaa kwenye benchi, karibu kabisa na kibao, kama nusu saa. Nilidhani ananisubiri tukale. Asubuhi ile mhudumu wa usafi alikuwa amekifuta kibao na kukirudisha kikiwa kimegeuzwa. Mjomba hakujua. Nilimziba jicho la kushoto nikamwambia asome. Alisoma mstari wa nne, wa tano na wa sita bila kusita, kama mtoto anayetaja siku za wiki. Alisoma upande uliokuwa umeelekea ukutani.

Nikamuuliza, "Mjomba, una uhakika?"

Akasema, "Imebaki miezi kumi na moja nistaafu, mwanangu."

Niliandika "macho yote mawili ni mazima", nikagonga muhuri. Alinishika kichwani kama alivyokuwa akifanya zamani, akaondoka.

Mnamo tarehe 16 Machi, saa 1:40 asubuhi, basi lake lilimgonga mama mmoja mfagia barabara kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, mbele ya posta. Mimi sikuwepo. Nilipigiwa simu na mke wa mjomba.

Kesho yake nilimkuta mjomba kwenye korido ya kituo hiki. Nilisimama hatua mbili mbele yake. Akaniambia, "Samahani afande, naomba kwenda haja." Nilipomwamkia ndipo akanijua. Akaninong'oneza, "Waambie ilikupita tu. Usijiharibie kazi." Nikaingia ndani nikasema hivyo hivyo.

Jana saa 10 jioni nilikwenda wodini kumwona yule mama. Mguu wake wa kulia umekatwa juu ya goti. Nilimwambia mimi ni ndugu wa dereva. Kazi yangu sikuitaja. Nilidhani atanifukuza. Alisema, "Siku ile nilikuwa nimepewa kizibao kipya, kile cha rangi ya chungwa. Nilimwona anakuja polepole, nikajua ameniona." Kisha akaniuliza kama mjomba naye aliumia. Nilishindwa kukaa, nikatoka.

Nilipitia kwa mke wa mjomba nikamweleza nitakachosema leo. Amenikataza kukanyaga kwake.

Sina la kujitetea. Niliyoyasema hapa ni yangu, hakuna aliyenilazimisha, nimesomewa nikayakubali.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa mwandishi: Nimeyaandika kama shahidi alivyoyatamka. Kabla ya kutia sahihi aliuliza kama mtuhumiwa atapewa nakala. Nilimjibu kwamba atapewa. Ameomba mtuhumiwa asomewe kwa sauti, kwa kuwa akipewa karatasi atasema ameshaisoma.

Sajenti, dawati la ajali