Steringi Mpya wa Sinema ya Shuka

Mpendwa Binamu Hamisi,

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata wewe. Nilitaka kuwa Kimya, yule jasusi wako wa kwenye shuka. Sisemi kumtazama Kimya, wala kushika pembe ya shuka lisipeperuke, kazi uliyonipa tangu nikiwa shule ya msingi. Nilitaka kuwa jasusi mwenyewe, nyuma ya shuka, mbele ya karabai. Nyumbani kukiwa hakuna mtu nilivaa koti la mvua la baba, nikatembea kutoka chumbani mpaka jikoni kama ulivyokuwa ukitembea wewe. Nilikuonea haya. Nilijua kwamba ungecheka, halafu ungekubali, na hilo la kukubali ndilo nililoliogopa zaidi.

Nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita tumechagua mtu wa kushika nafasi yako, na naona unastahili kujua ilivyokwenda.

Nianze na siku uliyonipeleka mjini kwenye sinema ya yule jasusi Mzungu. Unakumbuka? Kila baada ya muda picha mpya ilikuja, na watu wa Tabora walimfahamu yule steringi kama jirani yao. Siku hiyo taa zikazimwa, akatokea mtu mwingine kabisa, amevaa suti ileile na bastola ileile. Ukumbi ukawaka. "Huyu nani? Rudisheni yule wa zamani!" Mzee mmoja nyuma yetu akasema huyu ni mdogo wake, kaka mtu amesafiri. Nusu ya ukumbi wakamwamini, wakatulia.

Tulipokuwa tunarudi Isevya kwa miguu nilikuuliza kama umempenda. Ukasema, "Ana masikio makubwa, lakini anajua kungoja." Sikuelewa. Nilikuwa bado nimekasirika kwa niaba ya yule wa zamani.

Kiingereza cha zile picha hatukukielewa sana, ndiyo maana ukaamua tutengeneze za kwetu. Ukamwomba mama yako, shangazi yangu, shuka jeupe, rafiki yako Sadiki akaleta karabai ya baba yake, mkalitundika shuka kwenye pengo la ukuta uliobomoka wa ghala la zamani la tumbaku. Kiingilio kilikuwa mafuta ya taa. Kila nyumba ilikuja na kijiko kimoja, ikamimina kwenye kopo la Sadiki, na mafuta yakiisha ndiyo mwisho wa sinema, hata kama mwizi hajakamatwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alipenda, akasema huu ndio ujamaa wenyewe. Wewe ukamjibu, "Ndiyo, Mzee, ila mwambie mkeo kijiko chake ni kidogo mno." Alicheka mpaka akakohoa.

Kimya alizaliwa hapo. Alikuwa jasusi mrefu mwenye koti, asiyesema zaidi ya sentensi moja katika kila sinema. Sinema moja ambayo watu hawajaisahau ni ile ya msafara, Kimya alipowafuata wenye pembe za ndovu katika njia ya zamani ya kwenda Ujiji. Tulikuwa watoto sita tu wenye mizigo kichwani. Tulipita mbele ya taa, tukazunguka nyuma kwa kukimbia, tukapita tena, mpaka watu wakadhani wapagazi ni mia. Mimi nilibeba ungo wenye mto wa kulalia. Nilipita mara nyingi hata miguu ikauma, na kila nilipopita nilikutazama ulivyosimama karibu na shuka, kivuli chako kimekatika vizuri kama kimekatwa kwa mkasi.

Ulinifundisha hilo. Anayesogea kwenye taa anakuwa mkubwa lakini anavurugika. Anayesogea kwenye shuka anakuwa mdogo, ila hata ukucha wake unaonekana. Majambazi wote ukawaweka kwenye taa.

Halafu homa ikakuchukua. Jumatatu ulikuwa stesheni unabeba mizigo ya abiria wa Mpanda, na kabla ya Ijumaa tulikuwa tumekuzika.

Unajua desturi yetu, lakini naiandika kwa sababu ndiyo iliyoleta mambo yote. Msibani mtani wa marehemu huvaa nguo zake, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, mpaka wafiwa wacheke kidogo katikati ya kilio. Mtoto wa mjomba ni mtani. Hivyo mtu wa kwanza kutazamwa alikuwa mimi. Wanawake wakaniletea koti lako. Nililishika, nikalirudisha, nikaenda kukoroga uji. Watani wengine walikuwa mbali, barabara zimejaa maji. Ukazikwa bila kuigwa. Shangazi hakunilaumu. Alisema tu, akiwa ameegemea ukuta, "Mwanangu aliyechekesha mtaa mzima, hakuna wa kunichekesha mimi." Tangu siku hiyo hakutoka nje ila kwenda kwenye foleni ya sukari.

Arobaini ilipopita Sadiki akaitisha majaribio. Alifuata utaratibu wako: kila anayetaka kuwa steringi aigize nyuma ya shuka, watazamaji wakae mbele, wainue mikono. Zamani baba aliniruhusu kwenda ghalani baada ya magharibi kwa sababu nilikuwa na wewe. Safari hii alisema mwanafunzi wa kidato cha tatu hana haja ya kukaa na vijana gizani. Nikaenda kwa shangazi. Nilimwambia, "Shikamoo, shangazi. Nisindikize kwenye sinema."

"Marahaba. Sinema ya nani?"

"Ya kumtafuta mwingine."

Kisha akaingia ndani, akatoka na khanga mbili na koti lako. "Wakimpata mtu wa maana nitampa," akasema. "Wakipata mjinga narudi nalo."

Watu walijaa. Wa kwanza alikuwa Ramadhani, yule mbeba magunia wa sokoni, kifua kama mlango. Alipiga mateke, akaviringika, akanguruma. Lakini alikuwa amesimama karibu mno na taa, akafunika shuka lote.

"Ramadhani, hiyo ni mvua inakuja au ni wewe?" akapaza sauti mama mmoja.

"Sogea mbele, bwana, tuone kichwa!"

"Kichwa hakuna huko, mwacheni!"

Hata hivyo walimpigia makofi mengi, kwa kuwa anapendwa. Wawili waliomfuata walikuwa wanasema sana, na mmoja aliangusha nguzo. Sadiki akauliza kama kuna mwingine. Nilikuwa nimeshika pembe ya shuka kama kawaida yangu. Nikaiachia. Nilikwenda kwa shangazi, nikanyoosha mikono, akanipa koti.

Nyuma ya shuka nilifanya yale niliyoyafanya nyumbani miaka yote. Nilishusha bega la kushoto, lile la mizigo. Nilikuna shingo kabla ya kugonga mlango usiokuwapo. Nikakohoa kikohozi chako cha uongo, kile cha kuwaambia watu sasa tazameni. Upande wa pili watu wakanyamaza, nikadhani nimeharibu. Kisha nikasikia shangazi anacheka. Alianza kidogo, halafu akashindwa kujizuia. "Hamisi huyo! Mtazameni na bega lake! Bega la uvivu hilo, anasingizia mizigo!" Wakacheka wote, na wengine walikuwa wanalia. Mimi pia nililia, lakini kivuli hakionyeshi machozi.

Nilipotoka, shangazi alinikumbatia. Balozi akasimama, akasema, "Mtani ametimiza wajibu wake. Tunamshukuru binti yetu. Sasa tuendelee na kazi ya kumchagua steringi."

Sikuelewa mara moja. Ramadhani ndiye aliyenieleza, tena kwa upole, "Dada mwanafunzi, hii yako ilikuwa ya msibani. Umemwiga marehemu, na umemwiga vizuri. Haihesabiwi kwenye majaribio."

"Kwani si amecheza Kimya?" akauliza mama yule wa mvua.

"Amecheza Hamisi," Sadiki akajibu. "Kimya hatujamwona."

Hamisi, niliudhika, lakini walikuwa na haki. Wote walidhani nimekuja kulipa utani, na nusu yake ilikuwa kweli. Nilikuwa sijawahi kumwaza Kimya bila wewe ndani yake. Sadiki alikuwa ameshaanza kuwaambia wanaomtaka Ramadhani wainue mikono. Nikakumbuka yule Mzungu mwenye masikio makubwa, na watu waliodai arudishwe wa zamani, na wewe peke yako uliyemtazama mpaka mwisho bila kununa.

Nikasema, "Naomba kurudia."

Nilisema kwa sauti ya chini sana. Shangazi akasema kwa niaba yangu, na sauti yake ilifika stesheni, "Anaomba kurudia!"

"Mafuta yamebaki kidogo," Sadiki akalalamika.

"Basi usiyamalize kwa maneno," shangazi akamjibu.

Nilimrudishia koti. Nilichukua kreti, nikaliweka karibu kabisa na shuka, nikamwomba Ramadhani awe mlanguzi wa sukari anayesubiri treni ya Mpanda pale Kaliua, na gunia lake. Akafurahi, akabeba gunia la pumba. Mimi nikakaa kwenye kreti. Sikujua nifanye nini na mikono, kwa hiyo nikafanya ninachofanya kila siku nikiwa na hofu: nikatoa kitabu changu cha jiografia kwenye mkoba wa shule niliokuja nao, nikasoma.

Ramadhani akaweka gunia chini. Akapiga mluzi. Nikafungua ukurasa.

"Habari za jioni," akasema.

Nikafungua ukurasa mwingine.

"Unakwenda Mpanda?"

Sikujibu. Watu wakaanza kucheka polepole. Ramadhani akasogeza gunia kulia, akalirudisha kushoto, akalikalia. "Hili ni pumba," akasema. "Za kuku." Nikainua kichwa, nikalitazama gunia, nikarudi kwenye kitabu.

"Ni pumba kweli! Unasoma nini wewe?"

Nikalamba kidole, nikafungua ukurasa. Nadhani kufikia hapo alikuwa amesahau kwamba tunaigiza, maana aliniinamia, jasho linamtoka, akasema, "Nimekuuliza!" Nje kelele zilikuwa nyingi. Mtu akapiga kelele, "Mwambie ukweli, Ramadhani, ameshajua!"

"Basi chukua!" Ramadhani akanibwagia gunia miguuni. "Chukua sukari yako, niache!"

Nikafunga kitabu. Nikasema sentensi yangu moja, "Treni imechelewa." Karabai ikazimika yenyewe, mafuta yameisha.

Mikono ilihesabiwa kwa mwanga wa tochi ya balozi. Kulikuwa na waliosema msichana hawezi kuwa jasusi, na kulikuwa na waliowajibu kwamba kivuli hakina sidiria wala suruali, na balozi akawaambia wachunge maneno mbele ya watoto. Ramadhani alikuwa wa kwanza kuinua mkono kwa ajili yangu. "Mimi niacheni niwe mlanguzi," akasema. "Kwenye shuka nanenepa vizuri."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sijui kama ungemtambua huyu Kimya wangu. Hana bega lako, hana kikohozi, na anabeba kitabu, jambo ambalo wewe ungeliona ni la ajabu kwa jasusi. Kuna jirani ameshasema yule wa zamani alikuwa bora, na nilitaka kumwambia kwamba nakubaliana naye. Nimegundua kwamba huzuni yangu na furaha yangu hazizuiani. Mchana darasani nafurahi, halafu nakumbuka kwa nini nafasi ilikuwa wazi, na mwalimu ananiuliza swali ambalo sijalisikia. Shangazi sasa anatoka. Jana nilimkuta uwanjani anafua lile shuka, anaimba, na aliponiona akaniambia niache kusimama kama mgeni, nishike upande wa pili tulikamue.

Mengine nitayasema siku nitakayokuja makaburini na shangazi kupalilia. Pumzika, binamu.

Ila kabla sijaifunga barua, nimalizie na usiku ule wa majaribio. Shangazi alitaka kuingia nyumbani kwetu azungumze na baba. Alikuwa ameshajiandaa, amejifunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana na kaka yake. Nilimwomba anisubiri nje. Baba alikuwa amekaa karibu na redio. Nilimwamkia, akaitika, akapunguza sauti ya redio. Nikamwambia kwamba nilikuwa ghalani, kwamba nimechaguliwa, na kwamba nataka kukubali. Akauliza nani amenituma kusema hayo. Nikasema hakuna. Akaizima redio, akavuta kigoda kingine, akaniambia nikae nianze upya, polepole, bila kuacha kitu. Nikakaa, nikamweleza.

Mtani wako,
binti wa mjomba wako,
Isevya, Tabora