Mchicha Namwachia Mtoto

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Changamwe, na ukiisha kuzipokea nakuomba unisaidie kabla mke wangu hajafunga mizigo, maana jambo lenyewe ni dogo, ni mchicha tu, lakini limetia fitina nyumbani kwangu. Mimi ni kuli wa Kilindini, kwetu ni Ganze, shule niliiacha nikijua kuandika hivi unavyoona, na tangu jua lilipotuunguzia mahindi huko nyumbani nimemleta mke wangu Nyevu na watoto wetu wawili tukae chumba kimoja hapa. Mkubwa ni Karisa, hajatimiza miaka minne, na mdogo ni Dhahabu, bado ananyonya.

Huyu Karisa amefifia, hachezi, akikimbia kidogo anakaa chini, na tulipompeleka dispensari dresa akamfunua kope akasema damu ni chache, mpeni mboga za majani kila siku, akiendelea hivi atalazwa. Basi tangu hapo ni vita. Mchicha hautaki, mnavu hautaki, kisamvu anakitema, tukimfichia ndani ya sima anatoa jani moja moja kama mtu anayechambua mchele, nimembembeleza kwa chai ya sukari, akanywa chai, nimemchapa, akalia huku mdomo kaufunga, na fimbo mimi naijua vizuri kwa kuwa baba yangu alinilisha mchicha kwa fimbo utoto wangu wote.

Nikamwambia Nyevu kosa ni mapishi yake. Akanijibu, "Na papa mkavu anapikwa na nani, Baba Karisa? Mbona kwa papa hulalamiki?" Majibu gani hayo kwa mtu aliyeshinda na magunia mgongoni.

Wala usidhani namnyima mtoto. Kwetu baba huandaliwa peke yake na mtoto hukaa karibu akingoja aachiwe, na mimi kila jioni namwachia, tena mchicha namwachia wote, siugusi, kwa sababu mtu wa magunia hapati nguvu kwenye majani, nakula papa na sima, nafuta mdomo, naita, "Haya, huu mpeni mtoto." Baba gani ana huruma kuliko hiyo?

Na shukrani yake ni hii. Juzi Nyevu alimpakulia kwenye bakuli lake mwenyewe, kijana akala sima, akausukuma mchicha mpaka ukingoni, akafuta mdomo kwa kiganja, akaguna kama mzee, akasema, "Haya, huu mpeni mtoto." Nikamwuliza, mtoto gani, na mtoto ni wewe? Akamnyoshea kidole Dhahabu, ambaye hana hata jino. Nyevu akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema Jumapili ijayo anampeleka Karisa Ganze kwa babu yake, njaa au si njaa, angalau babu mchicha anaula. Sikuelewa babu ameingiaje hapa.

Nimfanye nini mtoto huyu, na kiburi hiki amejifunza wapi?

Gershom, Changamwe

Ndugu Gershom,

Swali lako la mwisho umelijibu mwenyewe mistari michache juu yake, ila ulikuwa na haraka ukapita. Pole kwa mgongo, na pole zaidi kwa Karisa. Mwanao hana kiburi. Anajifunza uanaume, na mwalimu anaye mmoja. Kila jioni amekaa karibu nawe akaona kwamba papa ni wa mkubwa na mchicha ni wa asiyehesabiwa. Sasa amepata bakuli lake, na amepata wa kumwachia. Umemfundisha vizuri, sijui unalalamikia nini.

Fimbo ya mzee wako nayo usiisifu. Alikuchapa utoto wote ili ule mchicha, na leo una ndevu na huuli.

Basi kuanzia leo kula na Karisa, bakuli moja. Jirani akishangaa, sema ni amri ya dresa. Anza wewe na mchicha, usikunje uso, usihubiri habari za damu, kula tu mkizungumza mengine. Papa mgawane. Akikataa mboga, mwache, usimchape, na chai ya sukari kabla ya chakula ikome, inamjaza tumbo bure. Kesho mwekee tena, kidogo tu. Itachukua muda kuliko upendavyo. Siku yako ya mapumziko mkachume mchicha pamoja, auoshe kwa mikono yake. Nyevu asiuache motoni mpaka ukachakaa, autie tui, na nazi ukune wewe. Kisha mrudisheni kwa dresa amtazame tena.

Mkeo usimtolee maneno mengi. Mwambie akupakulie mchicha, mwingi, mbele ya watoto. Ataelewa. Akicheka, cheka naye, lakini umeze kwanza.

Mshauri