Mama wa Mwalimu

Nong Bua, Roi Et

Dada Wilawan mpendwa,

Nakuinamia kwa viganja viwili, nikiomba uwe mzima huko Rayong na wanafunzi hawajakumaliza sauti. Hapa tunaendelea. Mama bado na ugonjwa wake wa moyo, lakini wali wa kunata anaumaliza, tena na pilipili aliyokatazwa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Mama husikia kila kitu.

Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki. Jirani yetu Bi Thongsi anaumwa moyo vilevile, ila yeye ni wa kadi ya dhahabu, ile ya matibabu ya bure ya watu wa kawaida, kama mimi siku hiyo: aanzie hospitali ya wilaya, angoje rufaa mpaka miguu ivimbe. Mama huingia moja kwa moja hospitali ya mkoa, maana haki ya mtumishi wa serikali hufika hadi kwa wazazi. "Mama wa Mwalimu, karibu," wakamwambia. Mimi niliyembeba mgongoni, muuguzi akaniuliza kama nimeajiriwa kumtunza. Mama alicheka. Mimi nilikuonea wivu. Namwogesha, namkanda, namtwangia papai bichi. Wewe unakuja sikukuu ya Songkran na sabuni ya kunukia, na sifa zote ni zako.

Kisha ukapiga simu kwamba unataka kuacha ualimu, uolewe na Prasit mkalime duriani. Ukiacha, Mama anarudi kwenye foleni ya Bi Thongsi. Aliposikia, akaniambia nikwambie uolewe tu, yeye ameshaishi. Nilikufikishia, nawe tangu hapo hujagusia tena harusi. Nasikia Prasit amechoka kungoja.

Sasa nisikilize. Mwaka mzima nimekuwa nikisoma jikoni kwa siri. Nilifanya mtihani wa utumishi wa serikali za mitaa, nikafaulu, nikaajiriwa ofisi ya kata. Tangu mwezi huu Mama anatibiwa kwa haki yangu. Usinishukuru. Harusi yako sikuifikiria hata kidogo; wivu ndio ulionisomesha. Nilitaka kukung'oa pale kliniki.

Jana dirishani walimuuliza Mama anatibiwa kwa haki ya nani. Akanielekezea kidevu. "Ya huyu, mwanangu mdogo." Nikageuka nifute macho, na kabla sijamaliza nikamsikia akiendelea, "Yule mkubwa ni mwalimu."

Acha kazi, Dada. Olewa upesi, nimsikie akisema yule mkubwa anauza duriani.

Msalimie Prasit. Mama anakusalimu mno, kama kawaida yake.

Mdogo wako,
Samruai