Diwani Aliyetaja Jina

Woolwich, London

Mama yangu mzazi,

Nakuamkia nikiwa nimepiga magoti, ingawa chini yangu ni zulia la flati na si udongo wa ua wako. Kifua kinaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Sifa anaelewa Kiswahili chote, lakini ukimwuliza neno anakujibu Kiingereza. Jana nilimgombeza, akaniomba radhi, kwa Kiingereza.

Barua hii nimempa mke wa mchungaji wetu anayekuja huko Uvira akutie mkononi, maana yaliyomo si ya kusema kwenye simu. Utaona mwandiko umepinda. Kiganja cha kulia kimeshonwa. Usishtuke, vidole vyote vinacheza.

Unajua kazi yangu ni kuzunguka majumbani, naogesha na kulisha wasiojiweza. Tangu mwaka jana namtunza mama mmoja wa Ukraine. Namwita Mama Halina, anaishi kwa binti yake hapa hapa Woolwich. Siku ya kwanza nilipomvua blauzi nimwogeshe, nilibaki nimeshika sponji tu. Mgongo wote ulikuwa na makovu meusi ya duara, mawili mawili. Akaniangalia kwenye kioo.

"Umeme," akasema. "Osha tu, hayaumi tena."

Kiingereza chake kimevunjika kama changu, kwa hiyo tulielewana upesi. Kidogo kidogo akanieleza maisha yake.

Alikuwa mwalimu wa biolojia katika mji mdogo kando ya mto. Kuna wakubwa walikuwa wakichimba mchanga mtoni bila ruhusa. Walichimba mpaka ukingo ukaporomoka na nyumba ya jirani yake, mwenyewe akiwa ndani. Baada ya maziko Mama Halina aliwakusanya wanawake, wakaketi barabarani mbele ya malori. Wiki haikuisha, wanaume watatu wakamvizia mlangoni kwake na mabomba ya chuma. Wakamvunja taya na mkono, wakamwacha kwenye ngazi analoa damu. Uchaguzi ulipofika alikuwa bado na plasta, taya limefungwa kwa waya. Alifanya kampeni kwa kuandika ubaoni. Watu wakampigia kura, akawa diwani.

"Waya ulipotolewa," aliniambia, "neno la kwanza nililosema kikaoni lilikuwa jina la aliyewatuma."

Huyo alikuwa makamu mwenyekiti wa baraza, ameketi mbele yake pale pale. Asubuhi ya tatu, mume wa Mama Halina aliwasha gari, likalipuka. Alimtambua kwa viatu. Makamu akakimbia mji.

Kisha vita vikaja, na wavamizi walipoingia, makamu alirudi pamoja nao amevaa koti jipya. Mama Halina akawatoa watu uwanjani mikono mitupu. Askari wakafyatua risasi, wawili wakaanguka miguuni pake, naye akaburutwa kwa nywele mpaka chumba cha chini ya shule aliyokuwa akifundisha. Walitaka majina ya wenzake. Wakamng'oa kucha, wakampitishia umeme mgongoni. Kila asubuhi makamu alikuja, anakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, anauliza, "Mwalimu, leo utamtaja nani?" Naye alimtaja mtu mmoja tu: yeye mwenyewe makamu. Wakampiga upya. Aliendelea hivyo mpaka siku ya kubadilishana wafungwa, alipotoka akiwa hawezi kusimama.

Jumamosi iliyopita, mchana, aliitwa kuzungumza kwenye ukumbi karibu na soko. Nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Wanawake wa kanisa letu walikuja pia. Alipofika kwenye habari za chini ya shule, mwanamume wa mstari wa tatu akasimama, nikadhani ana swali. Akachomoa kisu cha jikoni. Pigo la kwanza lilimwingia Mama Halina chini ya bega, nikasikia pumzi yake inatoka kama tairi. La pili nilikishika kisu chenyewe, Mama, sikupata muda wa kutafuta mpini. Nilimng'ata sikio mpaka nikaonja damu yake. Mke wa mchungaji ndiye aliyemwangusha kwa kiti cha chuma. Muulize, atakusimulia na chumvi ataongeza. Polisi wamemshtaki yule mtu. Ni shemeji wa makamu.

Kesho yake wanasheria wanaokusanya ushahidi wa uhalifu wa vita walikuja hospitali. Ilikuwa ndiyo siku ambayo Mama Halina aliahidi kutoa ushahidi wake. Binti yake alikuwa analia. "Mama, basi. Acha sasa."

"Nikiacha, nimechomwa bure," akajibu, na mpira wa kutolea damu umechomekwa kifuani. Akasema yote, pole pole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alipomaliza akanigeukia mimi.

"Na wewe, Faida? Nani alimuua baba yako?"

"Vita," nikasema, kama ninavyowaambia wote.

"Vita havishiki panga. Aliyeshika ni nani?"

Mama, nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulinibana nyuma ya mapipa ya maji, umeniziba mdomo kwa kiganja, lakini macho hukuyaziba. Nilimwona baba akiinua mikono, nikaona mikono ikikatwa kwanza. Nilimwona aliyekata, nikamtambua. Ni yule anayeuza saruji, nyumba ya tatu kutoka kwako, anayekusalimia kanisani. Uliniambia, "Hukuona kitu." Nimekutii mpaka nimekuwa mtu mzima. Sikulaumu, nipo hai kwa sababu ya kiganja kile.

Lakini pale hospitali nililitaja jina lake. Wanasheria wale wanakusanya habari za Kongo pia, wakaandika. Karatasi iko tayari, sahihi bado. Niliwaambia, "Mama yangu anaishi karibu naye. Sitii sahihi mpaka ahame."

Kwa hiyo nakuomba. Mke wa mchungaji anaondoka Uvira Jumatatu. Toka naye mpaka Bujumbura, kisha Kigoma, mjomba anakungoja. Waambie majirani unakwenda kumwuguza. Beba mfuko mmoja tu, kuku waache uani wadonoe. Ukikataa, nitaichana karatasi, wala sitakuuliza sababu. Nitajua ni woga, na woga wako naujua, ulinilea nao.

Nisalimie mama mkubwa anayeshona, na mjane wa kaka yangu pamoja na mapacha wake, ila usiwaambie kitu. Salamu za mjomba utampelekea mwenyewe.

Jumapili hii yule wa saruji akikusalimia, mwitikie kama siku zote, na mkono mpe.

Ni mimi binti yako,
Faida